Boksi la keki za mwezi: kilichomo, lilikotoka na kwa nini halikai kwa mtu mmoja

Aliyewahi kufanya kazi na kampuni ya Kichina, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, huenda amekabidhiwa boksi jekundu mwezi wa Septemba au Oktoba, zito kuliko linavyoonekana. Ndani kuna vitu vinne, sita au vinane vya duara, vya kahawia inayong'aa, vyenye maandishi yaliyoumuka juu kama mhuri. Mtu aliyezoea keki ya birthday hung'ata kimoja akitarajia ulaini. Anakutana na kitu kizito, kitamu kupita kiasi, na katikati kuna kiini cha yai chenye chumvi. Picha inapigwa, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na maswali yanaanza. Hii ndiyo keki ya mwaka mpya wa Wachina? Kumbe wanaabudu mwezi? Ni kweli boksi moja linaweza kufika bei ya simu? Na ile habari kwamba zamani zilifichwa barua za vita ndani yake?

Majibu yanayotolewa kwenye makundi hayo huchanganya sikukuu tatu, ngano mbili na tangazo la biashara. Tuyatenganishe.

Kwa Kichina kitu hicho huitwa yuebing, na kwa Kiswahili tumezoea kusema keki ya mwezi. Jina la keki linapotosha kidogo, kwa sababu unga ni ganda jembamba tu; katika aina inayojulikana zaidi, robo tatu hivi ya uzito ni kijazo cha ndani. Sikukuu yake ni Zhongqiu, ambayo idhaa za Kiswahili huiita Sikukuu ya Mbalamwezi au Sikukuu ya Katikati ya Majira ya Mpukutiko. Majina ni mawili, siku ni ile ile. Haihusiani na mwaka mpya. Mwaka mpya, yaani Sikukuu ya Majira ya Mchipuko, huja Januari au Februari na una vyakula vyake.

Zhongqiu huangukia tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, usiku wa mwezi mpevu. Hapo msomaji anayefuata mwandamo kwa ajili ya Ramadhani atauliza swali la maana: kama ni kalenda ya mwezi, mbona sikukuu hii haizunguki mwaka mzima? Kalenda ya Hijria hufuata mwezi peke yake. Miezi 12 hutoa siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, leo iko kwenye joto, baada ya miaka kadhaa iko kwenye masika. Wachina nao huhesabu miezi kwa mwezi wa angani, lakini wakiona wameanza kuachwa na jua huongeza mwezi mzima, mwaka huo ukawa na miezi 13. Nyongeza hiyo hutokea mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulirudiwa, na sikukuu ikachelewa hadi Oktoba 6, wakati mwaka 2024 ilikuwa Septemba 17. Mwaka 2026 ni Septemba 25. Haitoki nje ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba.

Wala hakuna ubishi wa nani kauona mwezi na nani hajauona. Mwanzo wa mwezi wa Kichina hukokotolewa na wataalamu wa anga, mawingu yatande yasitande. Kioja ni kwamba mwezi wenyewe haujali sana hesabu hizo: mara nyingi hutimia kabisa tarehe 16, na Wachina wana msemo wao kwamba mwezi wa kumi na tano hukamilika kumi na sita.

Duara na kukutanika

Desturi ya kukaa nje na kuutazama mwezi wa majira hayo ilienea enzi ya Tang, na kufikia enzi ya Song, kati ya karne ya 10 na ya 13, tayari ilikuwa sikukuu kamili mijini. Wakati ni mzuri. Joto kali limepita, mbingu ni safi, mavuno yanaingia ghalani. Mwezi ukiwa mviringo kamili ulichukuliwa kuwa ishara ya familia iliyotimia, kila mtu yupo mezani, hakuna aliyebaki safarini. Kwa hiyo meza ni ya duara, matunda yanayopangwa juu yake ni ya duara, na keki ni ya duara. Hiyo ndiyo maana yenyewe. Mengine yaliyosemwa juu yake ni mapambo.

Keki, hata hivyo, ilikuja baadaye kuliko sikukuu. Mshairi Su Shi, aliyeishi kati ya 1037 na 1101, aliwahi kusifu vikeki vidogo akisema kuvila ni kama kutafuna mwezi, lakini hakuviita yuebing. Jina hilo linaonekana katika kitabu cha Wu Zimu kuhusu mji wa Hangzhou, katika karne ya 13, likiwa kwenye orodha ya vitafunwa vya madukani ambavyo mtu angeweza kununua siku yoyote. Ni enzi ya Ming, katika karne ya 16, ndipo mwandishi Tian Rucheng, naye wa Hangzhou, anapoandika waziwazi kwamba tarehe 15 ya mwezi wa nane watu hupelekeana keki za mwezi kwa maana ya kukutanika kwa familia. Anachotaja ni kupelekeana. Ladha haigusi hata kwa neno moja, na nadhani alikuwa ameona jambo ambalo wengi wetu bado hatujaliona: ukitaka kuielewa keki hii, fuatilia nani anampa nani.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Ni ile sahani ya futari inayofunikwa kawa, ikavuka uani kwa jirani, na ambayo hairudishwi tupu. Tofauti ni kwamba sahani yetu hupikwa nyumbani, wakati keki za mwezi siku hizi karibu zote hununuliwa, na pesa ilipoingia mambo yakawa mengine kabisa. Tutafika huko.

Barua za vita

Ngano maarufu kuliko zote ni ya uasi. Inasema China ilipokuwa chini ya Wamongolia, enzi ya Yuan, waasi wa Zhu Yuanzhang walificha vikaratasi ndani ya keki za mwezi: tuinuke usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane. Keki zikagawiwa, Wamongolia wasioila hawakujua lolote, watu wakainuka kwa pamoja, na enzi ya Ming ikazaliwa.

Ni hadithi tamu, na Zhu Yuanzhang ni mtu wa kweli. Ndiye mfalme wa kwanza wa Ming, aliyetawazwa mwaka 1368. Tatizo ni usiku huo mmoja. Uasi wa vilemba vyekundu ulianza mwaka 1351, Zhu alijiunga nao mwaka 1352, na mji mkuu wa Wamongolia ukaanguka mwaka 1368. Hiyo ni miaka 17 ya vita, na sehemu kubwa ya vita hivyo ilikuwa kati ya waasi wenyewe kwa wenyewe. Hakuna maandishi ya wakati huo yanayotaja keki wala vikaratasi. Hadithi ilipata nguvu karne nyingi baadaye, hasa pale chuki dhidi ya watawala wa Kimanchu wa enzi ya Qing ilipokuwa inatafuta mfano wa zamani wa wageni waliofukuzwa. Kila mwaka waokaji huirudia kwenye vikaratasi vinavyokuja na boksi, na huwezi kuwalaumu, maana inauza.

Ngano ya pili ni ya Chang'e. Mpiga mishale Hou Yi alitungua jua tisa kati ya kumi zilizokuwa zikiunguza dunia, akapewa dawa ya kuishi milele. Mkewe Chang'e akainywa na kupaa hadi mwezini, na huko yuko mpaka leo na sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Kwa nini aliinywa? Wengine wanasema aliiba kwa tamaa. Wengine wanasema aliokoa dawa isichukuliwe na mwanafunzi mwovu wa mumewe. Ukisikia watu wawili wakipingana kuhusu hilo, wote wako sahihi, kwa sababu ngano hii imesimuliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili na kila zama ilimchora mwanamke huyo inavyotaka. Wachina wa leo wanaisimulia kwa watoto na kuitumia kwenye mambo makubwa zaidi: vyombo vyao vya kwenda mwezini vinaitwa Chang'e, na kigari kilichotua huko Desemba 2013 kiliitwa Yutu, yaani sungura wa jiwe la jedi.

Je, ni ibada?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa. Zamani jibu lilikuwa ndiyo, bila kificho. Beijing kuna Yuetan, madhabahu ya mwezi iliyojengwa mwaka 1530, ambako wafalme walitoa sadaka rasmi kwa mwezi. Kwenye nyumba za kawaida meza iliwekwa uani, juu yake keki, matikiti, makomamanga na ubani, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Kaskazini walikuwa na msemo kwamba wanaume hawausujudii mwezi na wanawake hawatoi sadaka kwa mungu wa jikoni. Watoto wa Beijing walinunuliwa sanamu ya udongo ya sungura aliyevaa mavazi ya jemadari, ambayo bado inauzwa, sasa kama kumbukumbu ya watalii.

Leo familia nyingi za mijini hula chakula cha jioni pamoja, hukata keki, hutoka nje kidogo kupiga picha ya mwezi kama hakuna mawingu, kisha hurudi kwenye runinga. Serikali iliifanya kuwa siku ya mapumziko ya kitaifa mwaka 2008, kwa hiyo kwa vijana wengi kwanza kabisa ni likizo. Meza ya sadaka bado hutandikwa katika sehemu za kusini kama Chaoshan, Taiwan, na miongoni mwa Wachina wa Malaysia na Singapore. Kwa maneno mengine, boksi ulilopewa ofisini ni zawadi ya msimu. Hakuna mtu aliyeliweka mbele ya sanamu kabla ya kukuletea. Kama dhamiri yako bado inasita, hilo ni lako, na mwenzako wa Kichina hatashangaa ukilipokea kwa shukrani na kumpa mtu mwingine. Mwenyewe pengine amefanya hivyo mara tatu wiki hiyo.

Jambo moja zaidi kabla ya kufungua boksi: sikukuu ya mwezi huu si ya Wachina peke yao. Wavietnamu wanayo na keki zao, kwao ni siku ya watoto na taa. Wakorea siku hiyo hula songpyeon, vidonge vya mchele vyenye umbo la nusu mwezi.

Kilichomo ndani

Anayesema "nimeonja keki ya mwezi, siipendi" kwa kawaida ameonja aina moja, ile ya Guangdong. Ndiyo iliyosafiri, kwa sababu watu wa mkoa huo ndio waliosafiri zaidi, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou huikuta kila kona ifikapo Agosti.

Ganda lake ni unga wa ngano, mafuta ya karanga, shira na maji ya magadi. Ndiyo, magadi, au kitu cha ukoo huo huo: chumvi ya jamii ya magadi iliyoyeyushwa kwenye maji. Shira hupikwa na limau na kuachwa wiki kadhaa au miezi ikomae, kwa hiyo ina uchachu. Magadi hukata uchachu huo na kulifanya ganda lipate ile rangi ya kahawia nyekundu motoni. Yakizidi, keki hutoka nyeusi na yenye ladha ya sabuni. Ndani huwekwa mbegu za yungiyungi zilizochemshwa, zikapondwa na kukaangwa kwa sukari na mafuta hadi ziwe laini kabisa, na katikati kiini cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi. Kiini hicho ndicho mwezi. Chumvi yake haikukosewa. Imewekwa makusudi ikatize utamu, na keki yenye viini viwili ni ghali kuliko yenye kimoja. Donge hugandamizwa kwenye chapa ya mbao iliyochongwa, likatoka na maandishi ya jina la kijazo au la duka, kisha huokwa.

Ikitoka jikoni haifai kuliwa. Ganda ni kavu na linapasuka. Huachwa siku moja hadi tatu, mafuta ya kijazo yapande polepole juu, ganda lilainike na kung'aa. Waokaji huita hatua hiyo kurudi kwa mafuta, na ndiyo inayotofautisha mwokaji mvumilivu na mwenye haraka ya soko.

Suzhou ni dunia nyingine. Ganda lake ni matabaka mengi membamba ya unga na mafuta ya nguruwe, linavunjika vipande ukilishika. Shanghai hupenda zile zenye nyama ya nguruwe mbichi iliyookwa humo humo, na watu hupanga foleni ndefu kuzinunua zikiwa za moto. Hizo hazingoji siku tatu. Zikipoa, zimeharibika kwa mlaji. Yunnan hutia paja la nguruwe la Xuanwei lililokaushwa kwa chumvi, na pia wana vikeki vya petali za waridi. Chaoshan hutia magimbi. Hong Kong walileta katika miaka ya 1980 aina isiyookwa kabisa, ganda la unga wa mchele wa kunata, jeupe, huwekwa kwenye friji. Vijana wengi huipenda kuliko ya jadi na wazee husema hicho si kitu.

Ugomvi mkubwa zaidi unahusu wuren, keki ya kokwa tano: jozi, lozi, karanga, mbegu za tikiti na ufuta, pamoja na vipande vya matunda yaliyokaushwa kwa sukari. Mitandaoni imetukanwa miaka na miaka kama keki mbaya kuliko zote, hadi ikawa utani wa taifa. Wanaoitetea wanasema tatizo ni viwanda vinavyotumia kokwa zilizochacha, na ikitengenezwa vizuri hakuna inayoishinda. Mimi niko upande wa watetezi. Ukipewa boksi lenye ladha mchanganyiko, wuren ndiyo itakayobaki mwisho, na unaweza kuipata bila kugombana na mtu.

Kuhusu afya, keki moja kubwa ya Guangdong yenye uzito wa gramu 180 hivi inakaribia kalori 800. Ndiyo sababu hakuna Mchina mwenye akili zake anayeila kama andazi. Hukatwa kwa kisu vipande vinne au vinane, watu wakagawana, kila kipande na kikombe cha chai chungu isiyo na sukari. Mwenye kisukari asidanganywe na boksi lililoandikwa kwamba halina sukari: unga, mafuta na wanga wa kijazo bado vimo.

Safari ya boksi

Wiki tatu kabla ya sikukuu, China yote huwa barabarani na maboksi. Kampuni huwapa wafanyakazi. Mkwe mume hupeleka kwa wakwe, na hapo boksi la hovyo hukumbukwa. Muuzaji hupeleka kwa mteja, mpangaji kwa mwenye nyumba. Aliyepokea matano anatoa manne. Mengine huzunguka hadi siku ya sikukuu bila kufunguliwa, na hilo si dharau, kwa sababu kilichokuwa kinasafirishwa tangu mwanzo ni heshima.

Watu wa biashara walilielewa hilo mapema, wakaanza kuuza kuponi badala ya keki. Tuseme duka linatoa kuponi ya yuan 100, kampuni inainunua kwa 80 na kumpa mfanyakazi, mfanyakazi asiyetaka keki anamuuzia mlanguzi kwa 40, mlanguzi anairudisha dukani kwa 50. Kila mmoja kapata chake, heshima imetolewa na kupokelewa, na hakuna keki iliyookwa. Wachina wenyewe husimulia mzunguko huo kwa kicheko, lakini soko la walanguzi wa kuponi ni la kweli kabisa.

Palipo na zawadi isiyokaguliwa, rushwa haikosi. Miaka ya 2000 yalionekana maboksi yenye pombe ghali, vito na hata dhahabu chini ya keki. Mwaka 2013, katika kampeni ya Xi Jinping dhidi ya ufisadi, tume ya nidhamu ya chama ilipiga marufuku kununua keki za mwezi za zawadi kwa fedha za umma, na mauzo ya maboksi ya kifahari yakaporomoka. Kisha ikaja sheria ya vifungashio. Tangu Agosti 15, 2022, boksi la keki za mwezi haliruhusiwi kuzidi matabaka matatu ya vifungashio, gharama ya vifungashio isizidi asilimia 20 ya bei, na kwa linalouzwa zaidi ya yuan 100 isizidi asilimia 15. Mwaka huo huo maboksi ya zaidi ya yuan 500, yaani dola 70 hivi, yaliwekwa chini ya uangalizi maalumu. Kwa hiyo bei ya simu imewahi kuwepo, na ukiiona leo kwenye picha, uliza picha ni ya mwaka gani.

Kashfa mbili zinaonyesha uzito wa jambo hili kwa Wachina. Mwaka 2001 runinga ya taifa ilionyesha kiwanda kimoja cha Nanjing kikitumia tena vijazo vya keki zilizobaki mwaka uliotangulia. Watu walisusia, na mwaka uliofuata kiwanda kikafilisika. Ya pili ni ya Alibaba, mwaka 2016: wafanyakazi wanne wa kitengo cha usalama wa mtandao waliandika programu ya kujipatia maboksi ya ziada kwenye mauzo ya ndani ya kampuni, zaidi ya mia moja, wakafukuzwa siku hiyo hiyo. Nchi nzima ikabishana kama adhabu ilizidi kosa.

Keki nyingine, siku nyingine

Mchanganyiko wa sikukuu unatokana na ukweli kwamba karibu kila siku kubwa ya Wachina ina kitu chake cha unga au mchele, na vingi tunaviita keki kwa kukosa jina jingine.

Mwaka mpya ni wakati wa niangao, keki ya mchele wa kunata inayopikwa kwa mvuke. Jina lake hulingana kwa sauti na matakwa kwamba kila mwaka uwe juu kuliko uliopita, na Wachina hupenda sana chakula kinachosema dua kinapotamkwa. Wiki moja kabla, mungu wa jikoni hupaa mbinguni kutoa ripoti ya familia, naye hupewa peremende ya kimea inayonata ili aongee matamu, au midomo igandane asiongee kabisa. Siku ya 15 ya mwaka huo mpya huliwa yuanxiao au tangyuan, vidonge vya mchele wa kunata kwenye maji moto.

Mapema Aprili, siku ya kusafisha makaburi, watu wa Shanghai na jirani zake hula qingtuan, donge la kijani lililotiwa maji ya majani ya pakanga. Siku hii hufuata jua, ndiyo maana haihami. Mwezi wa tano kuna zongzi, mchele uliofungwa kwenye majani ya mianzi au matete, unaohusishwa na Qu Yuan, mshairi aliyejitosa mtoni mwaka 278 KK. Huo si mkate wala keki, nautaja tu kwa sababu picha zake husambazwa na maelezo ya keki za mwezi.

Ninayoipenda zaidi haijulikani sana nje. Tarehe 9 ya mwezi wa tisa, Chongyang, desturi ni kupanda mlima ili kukwepa mabaya. Sasa aliyezaliwa tambarare, hana hata kichuguu cha kupanda, afanyeje? Hula keki ya mchele, kwa sababu keki na kimo hutamkwa sawa kwa Kichina. Nyingine hupangwa matabaka tisa, zikachomekwa bendera ndogo za karatasi, zikawa mlima wa kuliwa. Tangu mwaka 1989 China imeifanya siku hiyo kuwa ya wazee, na keki hupelekwa kwao, jambo la busara, kwani wao ndio wasioweza tena kupanda.

Na harusi. Kwa Wakantoni na watu wa Taiwan, familia ya bwana harusi hupeleka keki nyingi kwa familia ya bibi harusi, nayo huzigawa kwa ndugu na marafiki. Ukipokea keki umealikwa, na jirani asiyepata hahitaji kuambiwa kitu.

Ukiletewa boksi

Pokea kwa mikono miwili, na usilifungue mbele ya mtoaji ila akikuomba. Si lazima urudishe keki. Matunda, kahawa au chai nzuri ya kwetu inatosha, na usisubiri mwezi upite. Angalia tarehe ya mwisho, maana za jadi hudumu wiki kadhaa lakini zile za friji na za nyama ni za siku chache. Ukitaka kubeba za Guangzhou kwenye begi, ujue kwamba nchi nyingi hukataa bidhaa za nyama na mayai mpakani. Marekani na Australia ni wakali sana, na kiini cha bata kinatosha kukuponza.

Kwa asiyekula nguruwe, usiulize tu kama ina nyama. Mafuta ya nguruwe huingia kwenye ganda na kwenye kijazo cha maharage bila kuonekana wala kunukia. Kwenye orodha ya viambato tafuta herufi 猪, ambayo ni nguruwe. 猪油 ni mafuta yake. Maboksi ya Waislamu wa Kihui huandikwa 清真, yaani halali, na huokwa kwa mafuta ya mimea, na Malaysia na Singapore kuna zenye cheti cha halali kwa herufi tunazozisoma. Za Guangdong za mafuta ya karanga mara nyingi ni salama lakini si zote. Za Suzhou na Chaoshan, hesabu kuwa zina nguruwe mpaka boksi lenyewe likwambie vingine.